Kushika Shuka Nyuma ya Vichwa vya Watu

Watu wakisikia kwamba picha yangu iliwahi kushinda tuzo ng'ambo, hunitazama usoni wakitafuta urembo uliokuwepo zamani. Huwa nawaambia wasijisumbue. Urembo haukuwepo. Kilichokuwepo ni uchovu, na huo ndio uliopewa medali.

Mume wangu alikuwa mpiga picha Mwingi. Tulikuwa na chumba kimoja cha kukodi kando ya barabara ya Garissa, ukuta kwa ukuta na duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Malori yalipopita, vumbi liliingia kwake kwanza halafu likaja kwetu, na sote tulishinda tukipangusa, yeye majora yake, mimi vioo vya fremu. Ndani ya studio kulikuwa na ukuta uliochorwa maua na ndege ya abiria, kwa ajili ya maharusi na vijana waliorudi kutoka Nairobi na suruali mpya. Lakini maharusi hawakuwa wengi, na vijana walikuja Krismasi tu. Unga wa nyumbani kwetu ulitoka kwenye picha ndogo za vitambulisho.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo akina mama nao walianza kutakiwa kuchukua kitambulisho. Kabla ya hapo kipande kilikuwa kitu cha wanaume. Ghafla kila nyanya kijijini akatakiwa awe na uso wake kwenye karatasi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa mbele ya kamera. Mume wangu akaona riziki imefunguka. Tukaanza kuzunguka: leo Tulia siku ya soko, wiki ijayo kambi ya chifu fulani huko ndani, na mara nyingine safari ndefu hadi upande wa Makueni, Kikima, ambako mwezi wa saba baridi inauma masikio na sisi watu wa Mwingi tunaonekana wajinga na nguo zetu nyepesi.

Picha ya kitambulisho ilitaka weupe mtupu nyuma ya kichwa. Sokoni hakuna ukuta mweupe. Kuna mabati, kuna udongo, na kuna kuta zilizochorwa matangazo ya soda. Kwa hiyo tulibeba shuka, na shuka haisimami yenyewe. Aliyeisimamisha ni mimi.

Niieleze kazi yenyewe, kwa sababu hakuna anayeiulizia. Mteja anakaa kwenye kigoda. Wewe unasimama nyuma yake, unatandaza mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasitoke bomani, kona moja ya shuka mkono huu, kona nyingine mkono ule, na unaiinua mpaka chini ya kidevu chako. Chini unaikanyaga kwa vidole vya miguu, maana upepo wa Ukambani hauna adabu. Unaivuta isiwe na mikunjo. Unakaa hivyo mpaka mteja aambiwe ainue kidevu, atoe kitambaa kichwani, akatae kutoa kitambaa, abembelezwe, acheke, akatazwe kucheka. Kisha kamera inalia. Halafu anakuja mwingine. Siku ya soko nilishusha mikono pale tu mume wangu alipobadilisha filamu.

Kwenye picha mimi sikuwepo. Yaani nilikuwepo, kichwa changu juu ya shuka na vidole vyangu pembeni, lakini katika chumba cha giza cha kusafishia picha mume wangu alifunika pande zote kwa kadi nyeusi yenye dirisha dogo katikati, na kwenye dirisha hilo alibaki mteja na weupe wake. Nusu ya wilaya imepita mbele ya kifua changu, na hakuna kitambulisho hata kimoja kinachonijua.

Shuka hiyo ilikuwa ya kitanda chetu, zawadi ya harusi kutoka kwa akina mama wa kanisa. Ilirudi kila jioni na vumbi na mafuta ya visogo vya watu, na kabla ya safari nyingine ilibidi ifuliwe, itiwe bluu, ipigwe pasi ya makaa. Ilipokuja ile njaa ambayo watu wetu waliiita nikw'a ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika pesa, kwa kuwa pesa ilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo, maji tulichota kwa kata kwenye mashimo ya mchanga wa mto. Kufua shuka wakati watoto wa jirani wananawa uso kwa maji ya kikombe ni jambo la aibu. Nilifulia nyuma ya nyumba, nimejificha. Jirani mmoja alinikuta, akaangalia povu, akaangalia shuka, akasema tu, "Nyinyi watu wa picha mko na maji." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sababu sikusahau.

Bega la kulia ndilo lililoanza. Mwanzoni lilikuwa likiuma jioni, baadaye likawa linauma hata Jumapili nikiwa nimekaa kanisani. Nikashindwa kumsuka binti yangu nywele. Kitinda mimba wangu ikawa mpaka nimwite mtu anisaidie kumfunga mgongoni, na wakati mwingine nilimwacha alie kwa sababu nilichoka kuita. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu duniani: fremu ya mbao. Miti miwili ya kusimama na mmoja wa juu, shuka itundikwe hapo, nami niishi. Iliwahi kuwepo, tuliponunua kamera, ikavunjika juu ya keria ya basi chini ya magunia ya mtu.

"Nitaongea na fundi," mume wangu alisema.

Fundi alikuwa mkabala na sisi, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nikisikia randa yake nikipika. Mume wangu alikuwa akimsalimia kila asubuhi, wanaulizana habari za mvua, na fremu haikutajwa. Nisimfanye mtu mbaya kuliko alivyokuwa. Hakuwa mlevi, hakunipiga, alipenda watoto wake. Ni vile tu mimi nilikuwa fremu ambayo haivunjiki kwenye basi, na ambayo hupanda yenyewe na kushuka yenyewe.

Mambo ya tuzo yaliingia nyumbani kama karatasi ya kufungia. Karatasi za picha zilitujia kutoka Nairobi, na muuzaji alizizungushia gazeti kuukuu la wapiga picha zisije zikakunjika. Mume wangu alisoma kila kilichokuja kimezungushwa. Hapo ndipo alipoona tangazo la mashindano ya kimataifa ya picha za sanaa, zile zisizopigwa kwa ajili ya mtu kuchukua kazi au kuoa, bali kwa kuangaliwa tu. Alinisomea mara kadhaa. Jambo hilo lilimshangaza: kwamba kuna mahali watu wanapiga foleni kwenda kuangalia picha ya mtu wasiyemjua.

Akachagua tatu. Moja ilikuwa ya jua likizama nyuma ya kilima. Ya pili kwaya ya kanisa letu, wote wamevaa soksi nyeupe. Ya tatu binti yetu akiwa amemkumbatia mwanambuzi, na huyo mwanambuzi tulimwazima. Zote alizitengeneza kwa karatasi nzuri, akazifunga, halafu akaona bahasha inalegea mno, picha zitavunjika njiani. Akatafuta kitu kigumu cha kuweka nyuma. Chumbani kulikuwa na picha ya kujaribia, ile ambayo alikuwa akiitengeneza kubwa na nzima, bila kadi nyeusi, ili aone kama mwanga umekaa sawa kabla hajaanza kukata zile ndogo. Ilikuwa ya siku moja ya soko la Tulia, kwenye karatasi nene. Akaiingiza nyuma ya zile tatu. Na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kugonga muhuri wa studio nyuma ya kila karatasi iliyotoka chumba cha giza, nayo ilikuwa na muhuri.

Tulisahau. Mvua ilikuja kidogo, mbaazi zikatoka, zikakauka. Kisha posta wakamwita akachukue kifurushi. Ndani kulikuwa na cheti, medali kwenye kijisanduku chenye kitambaa laini, na kitabu cha picha zilizoshinda. Alifungua kitabu akitafuta jua lake. Hakuliona. Akatafuta kwaya, akatafuta mwanambuzi. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akanigeuzia kitabu.

Nilikuwa mimi. Mbele alikuwa nyanya mmoja wa Tulia, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, ameitazama kamera kama anayeidai kitu. Nyuma yake shuka yetu, na juu ya shuka kichwa changu na kitambaa changu kilicholegea, kimeinama kidogo kushoto, macho yamefungwa, mdomo umeachama. Vidole vyangu vimeshika kona mbili. Chini ya shuka vidole vya miguu, na vumbi lake.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ndiye aliyetusomea maneno ya majaji. Walisema mwanamke wa nyuma amelala akiwa amesimama. Walisema shuka ni kama ukurasa ambao bado haujaandikwa, na mengine ambayo mwalimu aliyarudia mara mbili kisha akasema, "Hapa ni Kizungu cha ndani sana." Mume wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Mimi nilitaka kusema kwamba sikuwa nimelala, jua la Tulia lilikuwa linanipiga usoni nikafumba macho. Ni kweli jua lilikuwepo. Lakini ningesema hivyo tu ningekuwa nimedanganya, kwa sababu nikijiangalia pale najua kabisa nilikuwa nimefika mwisho.

Jumapili mchungaji alitangaza, na kitabu kikapita benchi kwa benchi. Walifurahi kwa ajili yetu, wakapiga makofi. Halafu wakaiona picha yenyewe.

"Si hii ni ile bado haijakatwa?" mama mmoja aliuliza.

"Kwani wazungu hawana makasi?" mwingine akajibu, na benchi nzima ikacheka mpaka mzee wa kanisa akakohoa. Mchungaji naye aliposhikishwa alisema ni picha nzuri, ila angependelea ile ya kwaya.

Yule nyanya tulimpelekea kitabu siku ya soko. Alijiangalia kidogo tu, akaridhika kwamba amekaa wima. Kisha akaweka kidole juu ya uso wangu, akakiacha pale, akasema kwa Kikamba kwamba huyu mtoto apewe uji alale. Ni yeye peke yake, kati ya majaji wote wa huko na wa hapa, aliyesema kitu cha maana.

Nilidhani sasa fremu itatengenezwa. Niliwaza hivi: ameona kwa macho yake. Hata kama hakuniona kwenye jua la Tulia, ameniona kwenye kitabu, kimechapishwa kwa karatasi ya kung'aa, na majaji wamemwambia. Nikamngojea avuke barabara. Hakuvuka, nikamkumbusha.

"Baba watoto, ile fremu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa tukiweka mbao, hiyo picha itakuwa ya nani?"

Watu wa mashindano walikuwa wamemwalika apeleke tena mwaka unaofuata. Na yeye, ambaye miaka yote alinikata pembeni kwa kadi nyeusi, sasa hakutaka kingine ila mimi. Aliniweka nyuma ya mteja huyu na yule, kisha bila mteja, kigoda kitupu na mimi nyuma yake. Alinipeleka mtoni kwenye mchanga mkavu, hakuna mtu, hakuna kitambulisho, nikasimama nimeshika shuka mbele ya mashimo ya maji, wanawake wenye ndoo wakinishangaa.

"Funga macho," alisema. "Si hivyo, hapo umeyakaza. Legeza mdomo. Kaa vile ulikuwa umechoka."

"Nimechoka."

"Lakini haionekani!"

Nilimchukia. Sina neno jingine. Kabla ya tuzo nilikuwa nimechoka na bega likiuma, lakini uchovu ulikuwa wangu, niliubeba nikijua ni wa unga na karo. Baada ya tuzo hata uchovu ulichukuliwa ukawa kazi, na nikawa naufanya vibaya. Ukiambiwa uchoke, mwili unasimama wima wenyewe. Sijui kwa nini. Huenda ni kiburi.

Alipeleka picha nne, zote zangu, zote amezipa majina. Safari hiyo hakukuja kifurushi, zilikuja picha zenyewe zimerudi, na maneno machache kwamba zimeonekana za kupangwa mno. Alikaa nazo mezani mchana kutwa. Niliweka chai mbele yake, ikapoa. Jioni akasema, bila hasira, kama fundi anayeongea habari ya msumeno uliokuwa ukikata vizuri, "Ile siku ya Tulia ulichoka vizuri. Siku hizi huchoki vizuri."

Nilichukua kikombe nikakiosha.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kikima. Kulikuwa na baridi na ukungu mwepesi, mwanga wa kupendezesha picha, na foleni ya akina mama ilikuwa imezunguka ghala la kahawa. Nilisimama mahali pangu, nikatandaza mikono. Mteja wa kwanza alikaa, akaondoka. Wa pili. Sijui alikuwa wa ngapi, mama mnene mwenye sweta ya kijani, alipokuwa akitafuta kifungo chake, mkono wangu wa kulia ulishuka. Sikuushusha mimi. Ulishuka wenyewe, na shuka ikaanguka juu ya kichwa cha yule mama, foleni ikacheka, naye akacheka chini ya shuka.

"Inua," mume wangu alisema.

"Haiinuki."

"Inua kidogo tu, tumalize huyu."

"Baba watoto, mkono hauinuki. Shika wewe."

Alisimama na kamera yake. Hangeweza kushika na kupiga, sote tuliona. Nilimtolea yule mama shuka kichwani, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya kigoda alipoinuka, nikaenda kukaa juu ya gunia la viazi la mtu. Niliona siku imeharibika, nauli ya kurudi haijapatikana, na maneno yatakayofuata nyumbani.

Haikuharibika hata kidogo. Wasichana wawili walitoka kwenye foleni bila kuitwa, mmoja akashika kona hii, mwingine kona ile, na yule mama wa sweta ya kijani akakaa, akapigwa picha. Alipoinuka akampokea msichana mmoja shuka, yule akakaa akapigwa. Ikawa hivyo: anayemaliza anamshikia anayekuja. Wakawa wanaongea, wanacheka, wanaulizana habari za kahawa, na foleni ilikwenda haraka kuliko nilivyowahi kuiona ikienda. Hakuna aliyeshika kwa muda wa kutosha kuumia. Nilikaa nikitazama, na jambo hilo lililokuwa rahisi hivyo lilinichoma zaidi ya bega.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekwisha kupigwa na kushika zamu yake, alikuja akakaa karibu nami kwenye gunia. Alinisalimia, akaniuliza bega limeanza lini. Nikamwambia. Akauma midomo.

"Sisi tulikuwa tunakuona kila mkikuja hapa," alisema. "Tunaona vile unaumia. Lakini tukasema hiyo ni kazi ya mtu, hatuwezi kumnyang'anya."

Nilimwelewa mara moja, maana hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Kwetu kazi ya mwethya, ile ya kusaidiana, mtu huingia na jembe lake bila kungoja kuitwa. Kazi ya mshahara hauigusi. Ukimshikia mwenzako kazi ya mshahara, mwenye kazi ataona anaweza kufanya bila yeye, na umemtoa mtu chakula mdomoni. Kwa hiyo Tulia, Kikima, na kambi zote za machifu, foleni nzima nzima za wanawake wenye mikono yenye nguvu zilikuwa zimekaa zikinionea huruma, zikajizuia kunisaidia kwa heshima.

Yule mama akaniinamia, akashusha sauti, lakini hakuishusha vya kutosha.

"Kwani wewe hulipwangi?"

Mazungumzo kwenye foleni yalikatika. Wasichana walioshika shuka waligeuza vichwa. Nilimtazama mume wangu, nikasema hapana. Alikuwa ameinama, jicho kwenye kamera, mkono mmoja unazungusha lenzi, na kwenye kigoda hapakuwa na mtu.